UFAHAMU: MITISHAMBA YA KUPUNGUZA UZITO

Soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali.

Nchini Uchina, mzizi uitwao *fang ji* umetumiwa tangu jadi kutibu uvimbe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, zahanati moja jijini Brussels, Ubelgiji, iliutia katika dawa za kupunguza uzito. Hata hivyo, mimea zaidi ya mmoja huitwa kwa jina hilo. Badala ya *Stephania tetrandra*, uliotumiwa ulikuwa *Aristolochia fangchi*, wenye asidi inayodhuru figo. Mwaka wa 1993, madaktari walitangaza chanzo cha maradhi hayo. Hatimaye, wanawake zaidi ya 100 waliathirika figo. Baadhi yao walipandikizwa figo nyingine. Wengine walipatwa na saratani ya njia ya mkojo. Walikuwa wametafuta wembamba tu, wakiamini kwamba mitishamba haina madhara.

Maswali

1. Kosa lililotokea Brussels lilisababishwa na nini? (alama 2)
2. "Kila kitu cha asili ni salama." Kanusha kauli hii ukirejelea taarifa. (alama 3)
3. Eleza maana ya maneno haya yalivyotumika katika taarifa: (alama 2)
   (a) tangu jadi
   (b) walipandikizwa