Vocha ya Kodi ya Nyumba: Somo kwa Wenye Jamaa Ng'ambo

Tangu familia za wakimbizi zilipoanza kuondoka Kasulu na Kibondo kwenda kukaa Marekani, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara katika nyumba za Wakristo wa Buha: Je, ni kweli kwamba huko serikali humlipia mtu kodi ya nyumba? Wako wanaojibu upesi kwamba ni kweli, tena kwamba mtu hupewa nyumba bure. Wako na wanaosema ni uongo mtupu. Majibu yote mawili yamekwisha kuleta hasara: la kwanza kwa wale waliobaki nyumbani wakingoja fedha zisizokuja, na la pili kwa wale waliokuwa na haki ya kuomba wasiombe. Kwa hiyo leo twataka kulieleza jambo lenyewe lilivyo.

Msomaji wa Songea au wa Same asidhani kwamba hili ni jambo la Kigoma peke yake. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokuja kwa wingi. Katika miaka hiyo yote watu wa makambini na watu wa vijiji vya jirani walikutana sokoni na kanisani, na undugu ukazaliwa, kwa maana aliyemsimamia mtoto katika ubatizo hakosi kuulizwa habari zake hata mtoto akienda mbali. Mwaka 2007 Marekani ilianza kuwapokea Warundi waliokuwa wakimbizi tangu mwaka 1972, na zaidi ya 8,000 walihamia huko. Kuanzia mwaka 2015 Wakongo wa Nyarugusu walikwenda kwa maelfu, wakatawanywa katika miji kama Chicago, Houston, Dallas na Phoenix. Mwezi Januari 2025 serikali ya nchi ile ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Lakini waliokwisha kufika wako huko, na kila mwezi kodi ya nyumba inawadai.

Vocha tunayoisema ilitokana na sheria ya nyumba ya mwaka 1937, iliyorekebishwa mwaka 1974, na kutokana na fungu lake la nane watu huiita mpaka leo Seksheni 8. Mpango wake ni huu. Familia maskini hutafuta nyumba ya kupanga kwa mtu yeyote aliye tayari kuwapokea. Familia hulipa kiasi cha asilimia 30 ya mapato yake yanayohesabiwa, na mamlaka ya nyumba ya mji ule humlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki, mradi kodi isipite kiwango kilichowekwa. Tuseme mapato ya familia ni dola 2,000 kwa mwezi na kodi ni dola 1,500. Familia italipa 600, na mamlaka 900. Baba akipunguziwa kazi, akatoa taarifa, sehemu yake hupungua. Mshahara ukiongezeka, sehemu yake huongezeka, na akificha nyongeza hiyo atadaiwa baadaye kwa jumla.

Angalieni basi kwamba zile dola 900 hazipiti mkononi mwa familia. Hutoka serikalini zikaenda kwa mwenye nyumba. Ndugu wa Kasulu akisikia kwamba shemeji yake amepata vocha, asifanye hesabu ya mabati. Shemeji amepata nafuu ya kununua chakula na kulipa nauli ya kwenda kazini; hakupata kisima cha dola.

Tena vocha hii haipatikani kwa kila anayestahili. Katika Marekani yote, kati ya kaya nne maskini zinazostahili kusaidiwa kodi na serikali ile, ni kama moja tu inayosaidiwa. Nyingine hungoja. Mjini New York orodha ya kungoja ilifungwa karibu miaka 15. Ilipofunguliwa kwa juma moja tu mwezi Juni 2024, maombi zaidi ya 600,000 yalipelekwa, na majina 200,000 yakachaguliwa kwa kura, si ya kupata vocha, bali ya kuingia katika orodha! Los Angeles mwaka 2022 watu zaidi ya 200,000 waligombea nafasi 30,000 za orodha. Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika waraka wake wa mwaka 1952 juu ya familia zilizo uhamishoni, aliitaja Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa wakimbizi wote. Na Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, mwaka 1963, alihesabu makao miongoni mwa haki za kila mtu. Nchi yenye utajiri ule, inayozisaidia kaya moja kati ya nne, haijatimiza haki hiyo. Wala sisi tusijisifu. Kwetu hakuna vocha ya namna hiyo, na kijana anayetoka Kibondo kwenda Dar es Salaam hudaiwa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hajapewa ufunguo.

Sasa tuje kwenye maombi yenyewe, maana hapa ndipo wengi hupotea. Fomu huombwa kwa mamlaka ya nyumba ya mji, na kila mji una orodha yake. Mtu aweza kuomba katika miji zaidi ya mmoja. Kuomba hakulipiwi hata senti. Anayetaka fedha ili aliingize jina la mtu orodhani, au alisogeze mbele, ni mwizi, hata akiwa anasema Kiswahili chetu na kutaja kijiji chetu. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyekubaliwa hifadhi wana haki ya kuomba. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyekwenda kwa viza ya masomo hana haki hiyo, wala anayengoja bado kukubaliwa hifadhi. Wazazi walio na watoto masomoni huko wasiwahimize kujaza fomu isiyowahusu.

Baada ya kuomba, jambo kubwa ni barua. Sisi tumezoea sanduku la posta la parokia au la shule. Barua hufika, ikakaa hata mwezi, na siku moja mwenyewe hupita akaichukua. Mamlaka ya nyumba haingoji hivyo. Hupeleka barua kumwuliza mwombaji kama angali anahitaji, nayo huweka siku ya mwisho ya kujibu. Asiyejibu hufutwa. Na familia za wakimbizi huhamahama sana katika miaka ya kwanza: kodi imewashinda, au kazi imepatikana upande wa pili wa mji. Barua hufika katika nyumba ya zamani, na mpangaji mpya huitupa. Hivyo mtu aliyengoja miaka sita hupoteza nafasi yake pasipo kukataliwa na mtu, naye hajui. Dawa yake ni ndogo: kila anapohama atoe taarifa ya anwani mpya katika kila ofisi alikoandika jina, na barua ya Kiingereza asiyoielewa asiiweke chini ya godoro mpaka mtoto arudi shule. Ampelekee mtu mzima aisome siku ile ile. Maaskofu wa Marekani walitangaza mwezi Aprili 2025 kwamba hawataendelea na mikataba yao na serikali ya kuwapokea wakimbizi. Lakini katika miji mingi ofisi za Catholic Charities zingalipo, na parokia zipo. Hapo mtu ataweza kuuliza.

Fomu huuliza pia nani wanakaa katika nyumba. Swali hili laonekana jepesi, lakini kwa watu wetu ni gumu kuliko yote. Warundi wana neno umuryango, ambalo ni mlango na ni ukoo pia. Anayeingia kwa mlango ule ni wa nyumba ile. Mtoto wa marehemu kaka, aliyelelewa tangu akiwa mchanga, huitwa mwanangu, na hakuna anayeuliza zaidi. Fomu yataka zaidi. Yataka jina la kila mmoja kama lilivyoandikwa katika hati zake, siku ya kuzaliwa, ujamaa wake na mwenye nyumba, hali yake ya uhamiaji, na mapato yake. Mtoto wa kaka aandikwe kuwa mtoto wa kaka. Kumwandika hivyo si kumkana. Ni kuyapatanisha maneno ya fomu na ya hati zilizotangulia, ambazo nyingine zilianza kuandikwa kambini. Jina likiandikwa Nyarugusu kwa herufi moja na Chicago kwa nyingine, mwenye jina atasumbuka. Kama hakuna karatasi ya ulezi, mlezi aulize ofisini ni ushahidi gani unaokubaliwa, asikisie. Na ndugu akija baadaye kuishi nao, ruhusa iombwe kabla hajaingiza godoro lake. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mikataba ya huko nayo ina hesabu yake ya siku za mgeni, na anayeipita humtia mwenyeji wake hatarini kupoteza vocha.

Hapa twafika mahali panapotuuma. Wako washauri wanaomwambia mama: usimwandike mume wako, mkionekana mapato ya mtu mmoja mtalipa kidogo. Na baba, aliyeweka ahadi mbele ya altare, huwa mtu asiyekuwapo. Twajua uzito wa kodi katika miji ile, wala hatumhukumu mama aliyeona watoto wake karibu kutolewa nje. Lakini shauri lenyewe ni baya, na aliyelitoa ana dhambi kubwa kuliko aliyelipokea. Kwanza ni uongo kwa serikali, na sheria huuadhibu: vocha huweza kuondolewa, fedha kudaiwa, na mashtaka kufunguliwa. Pili, hesabu yao haionyeshi yote. Familia yenye dola 2,000 hulipa 600 na kubaki na 1,400. Mume akiandikwa, mapato yakawa 3,000, watalipa 900 na kubaki na 2,100. Hakuna haja ya kumficha ili waishi. Tatu, mkaguzi akigonga mlango, anayefungua mara nyingi ni mtoto. Mtoto wa miaka kumi afundishwe kusema kwamba baba hakai hapa, na viatu vya baba viko mlangoni! Je, mtoto huyo atasadiki nini baadaye akiambiwa na baba yake aseme kweli?

Vocha ikipatikana, kazi haijaisha. Mwenye vocha hupewa muda, usiopungua siku 60, wa kutafuta nyumba, na nyumba yenyewe hukaguliwa: nyaya za umeme, maji, madirisha, na chombo cha kupasha joto, ambacho Chicago wakati wa baridi si anasa. Idadi ya vyumba hufuata idadi ya watu, na hapo familia zenye watoto saba au wanane hutaabika, kwa kuwa nyumba za vyumba vinne au vitano katika miji mikubwa ni chache. Wenye nyumba nao si wote wapokeao vocha. Jimbo la Illinois limekataza tangu mwaka 2023 kumkataa mpangaji kwa sababu ya chanzo cha fedha zake. Texas kinyume chake, mwaka 2015 ilizuia miji yake isitunge sheria kama hiyo. Hivyo ndugu wawili waliotoka kambi moja waweza kuwa na vocha ya namna moja, mmoja akapata nyumba na wa pili muda ukamwishia. Asilaumiwe kwa uvivu. Aombe nyongeza ya muda mapema, kwa maandishi, kabla siku hazijakwisha.

Wazee wa Buha wanaikumbuka habari ya manamba. Wakati wa Waingereza vijana walichukuliwa kutoka huku kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakapewa nyumba na bwana shamba. Mkataba ukiisha, nyumba nayo imekwisha. Vocha yapita ile kwa jambo moja: haimfungi mtu kwa mwajiri, na kwa kufuata taratibu familia yaweza kuhama nayo hata mji mwingine. Lakini nayo ina masharti, na kila mwaka au kipindi kilichowekwa mapato na watu wa nyumbani huhakikiwa upya. Siku hiyo hati hutakiwa.

Kwa hiyo tunawaomba jamaa waliobaki wafanye jambo moja. Ndugu akiandika kwamba anatakiwa kuonyesha cheti cha ndoa iliyofungwa huku, msimjibu kwa kumwomba fedha kwanza. Nendeni parokiani siku za ofisi, mkiwa na majina kamili ya mume na mke kama yalivyokuwa siku ya ndoa, mwaka wa ndoa, kigango, na majina ya mashahidi mkiyakumbuka. Aliyefungia ndoa kambini aeleze kambi gani, na ni parokia gani iliyokuwa ikiihudumia, kwa sababu makambi mengine yalikwisha kufungwa, kama Mtabila mwaka 2012 na Mtendeli mwaka 2021, na hapo lazima kuuliza kwanza vitabu vyake viliwekwa wapi. Katibu wa parokia akikuta herufi za jina zimetofautiana na za pasi, asizibadili kwa huruma. Aandike kama kitabu kinavyosema, na paroko aongeze barua ya kueleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.