Mbolea Ibaki Shambani, Isiishie Ziwani

Ziwa Baringo hupokea maji ya mito kadhaa, ikiwemo Perkerra na Molo, lakini hakuna mto unaotoka humo juu ya ardhi. Maji hupungua kwa kugeuka mvuke na kwa kupenya chini kwenye miamba. Udongo unaoletwa na mito hubaki ziwani, na ndiyo sababu maji yake huwa ya rangi ya kahawia. Ziwa hili liliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Wavuvi, wafugaji na wakulima wote hulitegemea.

Wengi hudhani kuwa penye mvua chache mbolea haiwezi kusombwa. Sivyo. Udongo uliokaa wazi juani na kukanyagwa na mifugo hufanya gamba gumu. Mvua ya kwanza huja kwa kishindo, na badala ya kupenya, maji hutiririka yakibeba udongo, samadi na mabaki ya dawa yaliyokusanyika kiangazi kizima.

Virutubisho havisafiri kwa njia moja. Fosforasi hushikamana na chembe za udongo, hivyo anayezuia udongo huzuia pia sehemu kubwa ya fosforasi. Naitrojeni ya mbolea huyeyuka na kwenda na maji. Dawa yake ni kuiweka kwa kiasi na kwa wakati ufaao. Vyote viwili vikizidi majini hulisha mwani. Mwani unapokufa na kuoza hutumia hewa ya oksijeni, na samaki hufa.

Mkulima afanye nini?

1. Apime udongo kabla ya kununua mbolea, ili asiweke kirutubisho ambacho tayari kipo.

2. Aweke mbolea kwenye shimo au mstari na kuifukia, wala asiitawanye juu. Ya kukuzia aigawe mara mbili, na asiiweke mvua kubwa inapokaribia.

3. Achimbe matuta na makinga maji kwa kufuata kontua, na aache mabua shambani yafunike udongo.

4. Aache ukanda wa nyasi kati ya shamba na mto. Nyasi hupunguza kasi ya maji na udongo hutuama hapo. Mifugo wasiumalize ukanda huo.

5. Kwenye mashamba ya kunyunyizia maji, kama yale ya Perkerra huko Marigat, afunge mfereji shamba linapotosheka. Maji ya ziada hurudi mtoni na mbolea.

6. Asioshe bomba la dawa mtoni. Chupa tupu aisuuze mara tatu, na maji hayo ayamwage ndani ya bomba na kuyanyunyizia shambani.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kandokando ya mto, katika eneo la kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kuanzia pale mafuriko ya juu kabisa yalipowahi kufika.

Mbolea iliyofika ziwani ni pesa za mkulima zilizosombwa, na mahindi yamebaki na njaa. Kwa ushauri wa kupima udongo na kuchora kontua, muone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla mvua hazijaanza.