Mzee wa Kanisa Anapokata Tamaa



Siku moja tulikwenda kijiji kimoja kukagua madarasa ya kisomo. Jioni mwenyeji wetu, ambaye ni mzee wa kanisa, alitoa ufunguo mfukoni akatuonyesha. Akasema, "Huu ni ufunguo wa kanisa. Jumapili naurudisha kwa mchungaji. Nimechoka."

Tukamwuliza, "Kulikoni, mzee wetu?"

Akaeleza. Watu waliahidi michango ya mabati, lakini wengi hawakutoa. Waliotoa wanasema ati yeye amezila fedha. Kwaya imegawanyika. Kukiwa na msiba anaitwa usiku wa manane. Lakini mke wake alipougua, hakuna aliyekuja kuwapalilia shamba.

Hatukuwa na dawa ya kumpa. Basi tukamsimulia habari za Apolo Kivebulaya. Leo tunawasimulia na ninyi, maana wazee waliochoka hivi wako wengi.

APOLO ALIKUWA NANI?

Apolo alizaliwa Buganda. Kwanza alikuwa askari. Alibatizwa mwaka 1895, akawa mwalimu wa kanisa. Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akaenda Mboga, mahali ambapo sasa ni nchi ya Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka, kwa kuwa walinyimwa chakula. Apolo akashika jembe, akalima chakula chake mwenyewe.

Mtawala wa Mboga, Tabaro, hakumpenda. Apolo alipigwa. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki, akafa. Apolo akashtakiwa kwamba amemwua. Akafungwa, akapelekwa Toro kwa Waingereza. Mtu aliyekwenda kuhubiri amani akaitwa mwuaji!

Hebu fikirini. Je, hapo Apolo hakuwa na haki ya kurudi kwao?

Baadaye alieleza kwamba katika taabu hizo alimwona Yesu aking'aa kama jua. Yesu alimtia moyo, akamwambia kuwa yuko pamoja naye. Taabu zenyewe hazikuondolewa siku ile. Apolo aliambiwa tu kwamba hayuko peke yake. Alipoachiliwa, akarudi kule kule Mboga.

Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Apolo akawa kasisi mwaka 1903. Alipokuwa mtu mzima sana alianza kuwafundisha Wambuti wa msituni. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Mwaka 1972, yaani miaka 39 baada ya kifo chake, Mboga ikawa makao ya dayosisi ya Kianglikana. Yeye hakuiona.

NABII ELIYA NAYE ALICHOKA

Wenye Biblia, fungueni Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe. Alidhani amebaki peke yake. Tazameni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea kwanza. Alimwacha alale, kisha akampa mkate na maji, tena mara mbili. Baadaye akamwambia kuwa wako watu 7,000 ambao hawakuabudu Baali. Tena akampa msaidizi, Elisha.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tumaini la Mkristo halitokani na wingi wa watu kanisani, wala sifa za watu. Linatoka kwa Mungu ambaye kazi ni yake. Sisi tunapanda, na pengine watavuna wajukuu. Mwenye kujua hivyo anaweza kuchoka, lakini hana sababu ya kukata tamaa.

Lakini kumtumaini Mungu si kubeba kila kitu peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo tunashauri:

1. Pumzika. Uchovu hufanya jambo dogo lionekane mlima.

2. Fedha zihesabiwe na watu watatu. Andikeni kila shilingi daftarini, na msome hesabu mbele ya waumini wote. Kisomo mlichokipata ni cha kazi hiyo. Daftari lililo wazi hufunga midomo ya fitina.

3. Gawa kazi. Tafuta Elisha wako, mume au mke, kijana au mzee.

4. Nanyi waumini, mzee wenu akiuguliwa, chukueni majembe mwende shambani kwake.

Tulipopita tena kijijini pale, tulimkuta mzee wetu anapalilia mihogo, na vijana watatu wa kwaya wako naye. Tukamwuliza habari za ule ufunguo. Akacheka, akasema, "Ninao. Lakini tumechonga wa pili. Anao mama mweka hazina."

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini walimu wa kwanza waliondoka Mboga?
2. Eliya alipewa vitu gani kabla ya kutumwa tena?
3. Katika kanisa lenu, ni kazi gani anaifanya mtu mmoja peke yake? Nani atamsaidia, na ataanza lini?