Kidonge cha Mzio: Kijue Kabla ya Kukimeza

Kwa wengi wetu dawa ya mzio ina jina moja: Piriton. Ukiwashwa, Piriton. Mtoto akipiga chafya, Piriton. Waliotibiwa malaria kwa klorokwini, kabla Tanzania haijaacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2001, wanakumbuka kupewa dawa hizo mbili pamoja, kwa sababu klorokwini iliwawasha watu wengi mwili mzima. Ndivyo kidonge hicho kidogo kilivyozoeleka majumbani hadi kikaonekana hakina neno. Kijitabu hiki kinakuomba ukiheshimu. Ni dawa kamili inayofika hadi kwenye ubongo, na leo zipo nyingine zinazowafaa watu wengi zaidi.

Inavyofanya kazi

Mwenye mzio mwili wake huchukulia vumbi la godoro, chavua, kamba wa baharini au karanga kuwa ni adui. Chembe za kinga zilizo kwenye ngozi na puani humwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayopanua mishipa midogo ya damu ngozi ikaumuka mabaka, ikasisimua neva ukawashwa, ikafanya pua ichuruzike na macho yatoe machozi. Dawa ya mzio huwahi kukalia sehemu ambazo histamini ingezishika. Kwa hiyo anayejua kwamba kesho atafagia stoo yenye vumbi hunufaika akimeza mapema kuliko akisubiri chafya zianze. Dawa hizi haziponyi mzio wenyewe, na pua iliyoziba kabisa haziizibui vizuri. Kwa pua ya namna hiyo mwulize daktari kuhusu dawa ya kupuliza puani.

Usingizi si dalili ya tiba

Hapa ndipo tunapotaka usome taratibu. Dawa ndani ya Piriton ni klorofeniramini, na kwenye boksi utasoma Chlorpheniramine. Pamoja na promethazini (Promethazine), ni ya kundi la zamani. Dawa za kundi hili hupenya hadi kwenye ubongo, na huko histamini ina kazi yake halali ya kutuweka macho. Ikizuiwa, tunasinzia. Wengi husema, "Dawa imenikubali, nimelala." Usingizi huo ni athari ya pembeni ya dawa, na wala hauonyeshi kwamba mzio umetulia.

Usingizi wenyewe nao hauishi asubuhi kwa kuwa tu umefumbua macho. Kwa mtu mzima, mwili huchukua takriban saa 20 kuondoa nusu ya klorofeniramini. Dereva wa bodaboda aliyemeza saa nne usiku anaweza kuamka akijiona mzima, kumbe mkono wake unachelewa kushika breki. Hali ni hiyo hiyo kwa fundi wa mashine ya kuranda mbao, dereva wa basi la usiku na mwanafunzi aliye kwenye mtihani. Ukichanganya na pombe, dawa za usingizi kama diazepamu, au dawa kali za maumivu kama tramadoli, usingizi unaongezeka na kupumua kunaweza kudhoofika.

Kundi la pili lina setirizini (Cetirizine), loratadini (Loratadine) na feksofenadini (Fexofenadine). Hizi hazipenyi sana kwenye ubongo. Setirizini husinzisha baadhi ya watu, kwa hiyo dozi ya kwanza imeze siku ambayo huendeshi chombo. Kwa mafua ya mzio na mabaka yanayowasha, ushauri wetu ni huu: ukifika duka la dawa, omba kwanza dawa isiyoleta usingizi. Uliza bei pia, kwani setirizini na loratadini zisizo na jina kubwa la kampuni hufanya kazi ile ile.

Dozi, na mazoea ya "1x3"

Tumezoea bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa 1x3. Klorofeniramini ya miligramu 4 mtu mzima hunywa kidonge kimoja, na huweza kurudia baada ya saa 4 hadi 6 akihitaji, bila kuzidi vidonge 6 kwa siku nzima. Setirizini na loratadini za miligramu 10 ni kidonge kimoja tu kwa siku. Anayezimeza mara tatu kwa mazoea ya Piriton anajizidishia dozi mara tatu. Mwenye ugonjwa wa figo anaweza kupunguziwa setirizini, na mwenye ugonjwa wa ini kupunguziwa loratadini, kwa hiyo mtajie mfamasia ugonjwa wako kabla hajakuhesabia vidonge. Feksofenadini inywe kwa maji matupu: juisi ya chungwa, tufaa au balungi hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

Soma pia kilichomo kwenye dawa za mafua na kikohozi. Nyingi zina klorofeniramini ndani yake. Mtu hunywa sirapu ya kikohozi, akaongeza kidonge cha mafua, kisha Piriton ya kuwashwa, bila kujua kwamba amekunywa dawa moja mara tatu.

Watoto

Promethazini isipewe mtoto aliye chini ya miaka 2, kwani inaweza kumzuia kupumua hadi akafa. Dawa mchanganyiko za mafua na kikohozi nazo hazina faida ya kutosha kwa watoto wadogo. Uingereza iliamua mwaka 2009 kwamba walio chini ya miaka 6 wasipewe. Tunawasihi wazazi: msimpe mtoto dawa ya mzio ili alale kwenye safari ya basi au ili nyumba itulie. Baadhi ya watoto hata hawalali, bali huchachamaa na kulia zaidi. Mtoto anapohitaji kweli dawa hiyo, dozi hupangwa kwa umri wake. Tumia kikombe au kijiko kilichokuja na chupa, kwani vijiko vya jikoni havilingani.

Wazee na wajawazito

Dawa za kundi la zamani hukausha mdomo, hufunga choo na huzuia mkojo. Mzee mwenye tezi dume iliyokua anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Mwenye presha ya macho anaweza kuumwa jicho ghafla na kupoteza uoni. Wazee pia huchanganyikiwa au kuanguka usiku wakielekea chooni, na mara nyingi hakuna nyumbani anayehusisha jambo hilo na kidonge. Mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza kliniki, kwani zipo dawa zinazowafaa. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo bila vipele asijitibu; huenda ini lake lina shida inayoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Vidonge viwili vya kuviangalia

Kipo kidonge kinachochanganya dawa ya mzio na steroidi. Huleta nafuu ya haraka, na ndiyo maana watu hukirudia wiki baada ya wiki. Steroidi ikitumika hivyo hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kinga, na ukiiacha ghafla unaweza kuzimia. Kama umekitumia muda mrefu, mwone daktari akupunguzie polepole.

Kingine ni siproheptadini (Cyproheptadine). Ni dawa ya mzio ya kundi la zamani inayoongeza hamu ya kula, basi huuzwa kama ya kunenepesha. Binti anayeinywa ili anenepe anabeba usingizi na madhara yote ya kundi hilo bila ugonjwa wowote.

Pale dawa ya mzio isipotosha

Kuwashwa kunakozidi usiku, na nyumba nzima mkijikuna, kuna uwezekano mkubwa ni upele, unaotibiwa kwa dawa ya kupaka wote siku moja. Malengelenge ya mdudu anayeitwa nairobi flai ni kuungua kwa sumu yake. Osha mara moja kwa maji na sabuni. Pumu nayo inahitaji dawa zake za kuvuta.

Hatari kubwa ni mzio unaoshambulia mwili mzima baada ya kung'atwa na nyuki, kula karanga au samaki fulani, au kuchomwa sindano ya penisilini: ulimi au koo kuvimba, sauti kukwama, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Hapa kidonge hakiwahi. Dawa inayookoa ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, na inapaswa kutolewa ndani ya dakika, si saa. Mkimbizeni mgonjwa kituo cha afya kilicho karibu. Alale chali miguu ikiinuliwa, au akae kama anahangaika kupumua, wala asisimamishwe wala kutembezwa. Hata akipata nafuu baada ya sindano, abaki kituoni kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili zinaweza kurudi.