Sindano za Kichina zinaponyesha tansio?

Tunaleta somo hili juu ya jambo lililotokea karibu na sisi. Baba mmoja wa mtaa wetu alikuwa na tansio ya juu, akameza vidonge miaka mingi. Mtu akamwambia: «Acha hivyo, sindano za Kichina zitakuponyesha kabisa.» Akaacha. Kisha miezi mitatu alianguka, upande wa kuume ukafa. Basi tujifunze.

1. Tansio ni nini? Ni nguvu ya damu inayosukuma mishipa. Munganga anaandika namba mbili: ya kwanza ni wakati moyo unajikaza, ya pili ni wakati unapumzika. 12 juu ya 8 ni vizuri. Ikipimwa siku mbalimbali na kufika 14 juu ya 9 ao kupita, ni ugonjwa. Mara nyingi haiumi, ndiyo maana watu wanaizarau. Lakini inaharibu moyo, figo na ubongo.

2. Sindano hizi ni nini? Wachina wanazitumia tangu miaka zaidi ya 2.000. Ni nyembamba sana, hazina dawa ndani. Mgonjwa anachomwa mahali palipochaguliwa, kisha analala kimya.

3. Zilipimwa namna gani? Waganga waligawanya wagonjwa: wamoja walichomwa mahali pa kweli, wengine mahali pasipo maana, bila kujua. Juu ya nini? Kwa sababu kulala kimya na kutumaini vinaweza kushusha tansio kidogo. Huko Boston, Marekani, walipima wagonjwa 192. Mwaka 2006 walitangaza kwamba hakukuwa tofauti. Ujerumani walipima 160. Matokeo ya 2007 yalionyesha kwamba, kisha majuma 6, sindano za kweli zilishusha namba ya kwanza karibu nusu, kama vile kutoka 15 mpaka 14 na nusu. Lakini miezi 3 kisha kuacha sindano, tansio ilikuwa imerudi.

4. Tushike nini? Hatusemi Wachina ni wadanganyifu. Tunasema: sindano haziwezi kukamata nafasi ya vidonge. Mwenye kuzitaka aongeze, asiache dawa bila kuuliza munganga. Tena sindano iwe mpya, juu ya SIDA. Na nyumbani tupunguze chumvi.

Maulizo: Namba mbili zina maana gani? Kwa nini wengine walichomwa mahali pasipo maana? Nani kwenu hajapimwa bado?