Fahamu Ugonjwa wa Siliaki
Mtoto akiharisha mara kwa mara, tumbo likafura na uzito usiongezeke, huenda ana siliaki. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba mtu anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai.

Wakazi wanashauriwa wasiache chapati na mkate kabla ya kupimwa damu, kwani kipimo kinaweza kukosa kuonyesha ugonjwa.

Ukithibitishwa, tiba ni kuepuka gluteni maisha yote. Mahindi, wimbi, mtama, mchele, mihogo, viazi na maharagwe ni salama. Jihadhari na unga wa uji uliochanganywa ngano, mashine iliyotoka kusaga ngano, na mafuta yaliyokaangia mandazi: hata kiasi kidogo hudhuru.