SOMO KWA VYAMA: PEDALI YA BREKI INAPOKUWA LAINI

Tangu miaka ya 1930, wakati umoja wa Wangoni na Wamatengo ulipoanza kukusanya tumbaku ya wakulima, mazao ya Ruvuma yamefika sokoni kwa kupanda na kushuka milima. Lami haikuiondoa milima hiyo. Gari litokalo Mbinga kwenda Mbamba Bay huteremka kutoka nyanda za juu za Umatengo hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika safari kama hiyo, uhai wa dereva na utingo wake hutegemea mafuta kidogo yaliyomo katika mabomba membamba ya breki. Kwa hiyo yafaa katibu wa chama, hata kama hajui kuendesha gari, aelewe maana ya dereva asemapo: "Breki zimekuwa laini, lakini ukipampu zinakamata."

Somo hili lahusu pikapu na magari madogo yatumiayo breki za mafuta. Malori makubwa hutumia breki za upepo, ambazo taratibu zake ni nyingine.

Breki zinavyofanya kazi

Dereva akikanyaga pedali, pistoni iliyo ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, husukuma mafuta kupitia mabomba hadi kwenye magurudumu. Huko pedi hubana diski, au viatu hutanuka na kubana ngoma. Mafuta hayashindiliki, nguvu iliyotiwa upande mmoja hufika upande wa pili. Lakini hewa hushindilika. Ikiingia bombani, sehemu ya nguvu ya mguu hupotea katika kuibana, na pedali hubonyea kama godoro.

Kutambua kasoro

Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe, injini ikiwa imezimwa. Kisha yafanyike majaribio haya:

1. Pedali ikanyagwe mara kadhaa upesi upesi. Ikiwa inapanda na kuwa ngumu, yamkini mna hewa katika mabomba, au viatu vya breki vimelika na vyahitaji kurekebishwa.

2. Pedali ikanyagwe na kushikiliwa kwa muda wa dakika moja. Ikizama polepole, mafuta yanavuja, au raba za masta silinda zimechakaa. Zikaguliwe pande za ndani za magurudumu, mipira ya breki, na sehemu iliyo juu ya pedali. Unyevu wowote wa mafuta ni ushahidi.

3. Dereva aulizwe kama pedali hulainika baada ya mteremko mrefu tu, kisha hurudia ugumu wake gari likipoa. Hiyo ni dalili ya mafuta yaliyozeeka.

Pedali ikishuka kidogo mara injini inapowashwa, hiyo si kasoro. Ni busta inayoanza kazi yake.

Dalili ya tatu ndiyo yenye hila kuliko zote. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishanyonya maji, yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Breki zikipata moto mteremkoni, maji hayo hugeuka mvuke, nao mvuke hushindilika kama hewa. Uwanjani gari huonekana zima. Kasoro hujitokeza mlimani.

Kutengeneza

Kwanza uvujaji uzibwe. Kuongeza mafuta bila kutafuta yanakopotelea ni kuuficha ugonjwa. Raba au mpira uliochakaa ubadilishwe, na viatu virekebishwe. Ndipo upepo utolewe, kazi ihitajiyo watu wawili:

(a) Chombo cha mafuta kijazwe mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe, kwa kuwa huharibu raba.

(b) Kazi ianzie gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza vingine.

(c) Mpira mwembamba uvikwe kwenye nati ya kutolea upepo, ncha yake izame katika chupa yenye mafuta ya breki.

(d) Mmoja akanyage pedali na kuishikilia. Mwenzake afungue nati, mafuta na mapovu yatoke, kisha aifunge kabla pedali haijaachiwa.

(e) Hayo yarudiwe mpaka mapovu yaishe, chombo kikiongezwa mafuta kila mara kisikauke. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Magari yenye breki za kompyuta yapelekwe kwa fundi mwenye vifaa vyake. Kazi ikiisha, gari lijaribiwe tambarare, polepole, bila mzigo.

Wajibu wa katibu

Msimu wa kahawa hauna subira. Magunia yanangoja, wanachama wanadai malipo, na gari "linakamata ukipampu". Hapo ndipo katibu hujaribiwa. Neno hilo maana yake ni kwamba breki zinahitaji muda, na mteremkoni muda ndio usiokuwapo. Katibu atiaye sahihi ruhusa ya safari baada ya kuambiwa hivyo hawezi kusema kwamba hakujua. Taarifa ya dereva iandikwe katika daftari la gari, na gari lisimame mpaka litengenezwe. Dereva aliyesema kweli asionekane mvivu. Akikaripiwa leo, kesho atanyamaza. Wahenga walisema, kawia ufike.

Maswali ya kujadiliwa

1. Mafuta ya breki ya gari la chama yalibadilishwa lini mara ya mwisho? Imeandikwa wapi?
2. Kwa nini gari laweza kuwa zima uwanjani na bovu mlimani?
3. Ni nani katika chama mwenye mamlaka ya kulisimamisha gari, na je, dereva anamfahamu?